Mfalme Asiye na Njia: Utatuzi wa Matatizo kwa Mchezaji wa Sataranji Anayeelekea Kushindwa

Kila Jumapili alasiri, chini ya mwembe mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, mimi na wenzangu tunatandika mbao nne au tano za sataranji na kuwapokea vijana wanaotaka kujifunza. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote halihusu mwanzo wa mchezo wala hesabu za katikati. Ni kijana aliyepoteza ngome au malkia, anayemtazama mfalme wake kwa huzuni, kisha anamlaza ubaoni na kunyosha mkono, ilhali mchezo ulikuwa bado una dawa. Ninapomuuliza, "Kete zako ngapi zilikuwa bado zinaweza kutembea?", huwa hana jibu, kwa sababu hakuwahi kujiuliza.

Nadhani sababu mojawapo ni kwamba wengi wao wametokea kwenye dama, ule mchezo wa vifuniko vya chupa tunaoujua sote tangu utoto. Katika dama, mchezaji asiye na hatua ya kucheza ameshindwa. Katika sataranji ni kinyume: ikiwa ni zamu yako, mfalme wako hajatishiwa, na huna hatua hata moja halali, mchezo umekwisha kwa sare. Hali hiyo sisi tuliojifunza mchezo kwa Kifaransa tunaiita pati. Sheria hii haikuwa hivi kila mahali tangu zamani. Huko Uingereza, katika karne ya 17 na ya 18, aliyemfungia mwenzake njia zote kwa namna hiyo ndiye aliyehesabiwa ameshindwa. Leo ni sare, nayo ni sare kamili, sawa na ile ya mabingwa wawili waliokubaliana kwa heshima.

Katika mwongozo huu, shaha ni tishio la moja kwa moja kwa mfalme, na mati ni tishio lisilo na uponyaji. Mistari inasimama kutoka a hadi h, na safu zinalala kutoka 1 hadi 8, zikihesabiwa kutoka upande wa Mweupe. Ninaomba msomaji apange kete ubaoni anaposoma, kwa maana mambo haya hayaingii kichwani kwa macho peke yake.

Dalili: mfalme wangu hawezi kusogea popote, na nimebaki na kete moja tu inayotembea

Wengi huiona hali hii kuwa ndiyo mbaya kuliko zote. Mimi huiona kuwa ndiyo yenye matumaini zaidi, na nitakaa hapa kwa muda.

Panga hivi: Mweupe ana mfalme a1 na ngome d7. Mweusi ana mfalme f8, ngome b2, pioni a3 na pioni g4. Mweupe yuko nyuma kwa pioni mbili, na ile ya g4 iko tayari kukimbia hadi igeuke malkia. Lakini mtazame vizuri mfalme mweupe. Hawezi kwenda a2 wala b1, kwa sababu ngome nyeusi inaona miraba yote miwili. Hawezi kuila ngome iliyo b2, kwa sababu pioni ya a3 inailinda. Wala hajatishiwa pale alipo. Kwa hiyo kinachomzuia Mweupe asiwe katika pati ni kitu kimoja tu: ngome yake mwenyewe. Akifanikiwa kuitoa sadaka, mchezo ni sare.

Zamu ni ya Mweupe, naye anaipeleka ngome f7, shaha. Mfalme mweusi akiila, ni pati. Akienda g8, ngome inakuja g7. Akienda h8, ngome inakuja h7. Akirudi upande wa pili kupitia e8, d8 na c8, ngome inamfuata e7, d7, c7, ikisimama mdomoni pake kila mara na kumwomba aile. Ngome ya namna hii wachezaji wetu huiita ngome kichaa, jina ninalolikubali, ingawa kazi yake inahitaji akili timamu kabisa.

Sasa tuangalie mahali ambapo wengi huanguka. Mfalme mweusi amefika b8, na ngome nyeupe iko c7. Mkono uliozoea unakwenda wenyewe b7, shaha. Hapo mchezo umepotea, kwa sababu ngome nyeusi ya b2 inapanda mstari wa b na kuila ngome ya b7. Mara ile inapoondoka b2, mfalme mweupe anafunguliwa, pati inayeyuka, na Mweupe amebaki mikono mitupu. Hatua sahihi ni ngome c8, shaha. Mfalme akila, ni pati. Akienda a7, usitishe kutoka mbali kwa c7, maana Mweusi ataweka ngome yake b7 katikati, na kufuli litafunguka tena. Nenda a8, ukimgusa mfalme, ili pasiwe na nafasi ya kitu kuingia kati.

Kutokana na mfano huo ninawafundisha vijana kanuni mbili. Kwanza, shaha itolewe kutoka mraba unaogusana na mfalme wa mpinzani, ili asipate pa kuingiza kete. Pili, mraba huo usiwe unaonekana na ile kete inayomfunga mfalme wako, kwa sababu kufuli likila, kufuli limeondoka. Kete nyingine yoyote ikila, hakuna neno. Hata pioni ya g4 ikiila ngome yako, mfalme wako bado amefungwa vilevile.

Dalili: niliitoa sadaka kete yangu ya mwisho, lakini haikuwa pati

Sababu yake karibu kila mara ni moja: pioni iliyosahaulika. Chukua mfano uleule, uongeze pioni nyeupe h3. Sasa ngome ikiliwa f7, Mweupe bado ana hatua halali, kwa kuwa pioni ya h3 inaweza kuila ile ya g4 au kusogea h4. Analazimika kucheza, na atashindwa. Lakini weka pioni hiyo g3 badala ya h3: mbele yake imesimama pioni ya g4, pembeni hakuna cha kula, kwa hiyo imeganda na mtego unabaki mzima. Tofauti ya mraba mmoja ndiyo tofauti kati ya nusu pointi na sifuri.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa sadaka, pitia pioni zako moja baada ya nyingine na kuuliza maswali mawili kwa kila moja: je, inaweza kwenda mbele? Je, inaweza kula? Watu hukumbuka swali la kwanza na kulisahau la pili. Ikiwa pioni bado ina hatua, una njia mbili za kuiponya hali: isukume hadi igote kwenye kizuizi, au iache iliwe. Zote mbili zinahitaji kufanywa mapema, wakati mpinzani hajaanza kushuku.

Mfano bora ninaoujua wa maandalizi hayo ni mchezo kati ya Larry Evans na Samuel Reshevsky katika mashindano ya ubingwa wa Marekani yaliyofanyika New York mwishoni mwa 1963 na mwanzoni mwa 1964. Evans, aliyecheza na kete nyeupe, alikuwa amepotea. Katika hatua ya 47 alisogeza pioni yake hadi h4, ambako haikuweza kuendelea tena, na kuiacha ile ya g3 bila msaada. Reshevsky, mchezaji mwenye uzoefu wa miaka mingi, aliila pioni ya g3 kwa malkia. Ndipo Evans akamtoa malkia wake g8 kwa shaha, na baada ya mfalme kumla, akaitoa ngome g7, shaha tena. Kila namna ya kuila ngome hiyo ilileta pati, na mfalme akikimbia, ngome ingemfuata bila mwisho. Uzuri wa jambo hili kwangu hauko kwenye sadaka ya malkia, ambayo kila mtu huikumbuka, bali kwenye ile hatua tulivu ya pioni iliyoonekana kama ya mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Dalili: mpinzani ana malkia, mimi nina mfalme peke yake au pioni moja

Ukibaki na mfalme mtupu, malkia na mfalme wa mpinzani wanatosha kukupa mati, na hakuna ulinzi wa uhakika. Kilichopo ni uchovu wake na saa yake. Mfalme wako akiwa pembeni kabisa, tuseme a8, na malkia wake akaja b6 au c7, yaani umbali wa hatua moja ya farasi kutoka kwako, huna pa kwenda wala hujatishiwa: pati. Wachezaji wapya hulifanya kosa hili kila wiki, hasa wanapocheza harakaharaka kwa kiburi cha mtu aliyeshinda. Kwa hiyo usijiuzulu mbele ya mtu ambaye hujawahi kumwona akimaliza kazi hiyo.

Ukiwa na pioni iliyofika hatua moja kabla ya kugeuka malkia, huku mfalme wako akiwa ubavuni pake na mfalme wa mpinzani akiwa mbali, yote yanategemea mstari wa pioni. Pioni ya mstari wa b, d, e au g kwa kawaida haiokoi. Ya a au h huokoa: tuseme wewe ni Mweusi, pioni yako iko a2, malkia akikupa shaha kwenye mstari wa b, unaingia a1 mbele ya pioni yako, na mpinzani analazimika kukuachia nafasi, la sivyo ni pati, kwa hiyo hapati muda wa kumleta mfalme wake. Ya c au f huokoa kwa njia nyingine inayonipendeza zaidi: pioni ikiwa c2 na ukatishiwa, unaiacha na kwenda a1, na malkia akiila pioni hiyo pale c2, umefungwa kabisa.

Somo la vitendo linatangulia hali hizo zote. Ukiwa bado una pioni mbili au tatu na unaona utabaki na moja tu, chagua ya pembeni au ya askofu, yaani ya mstari wa c au f, uache nyingine ziende.

Dalili: mpinzani ana askofu na pioni ya ziada

Hapa wokovu upo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Pioni ya pembeni ikisindikizwa na askofu asiyeweza kuutawala mraba wa kugeukia, haishindi, iwapo mfalme wako amewahi kona hiyo. Mraba wa a8 ni mweupe, kwa hiyo pioni nyeupe ya mstari wa a ikiwa na askofu wa miraba myeusi haitafika. Mraba wa h8 ni mweusi, na hesabu inageuka. Mfalme wako anatembea a8, b8, a8, b8, hakuna awezaye kumfukuza, na akibanwa zaidi ni pati.

Kwa sababu hiyo, ukiwa nyuma kwa askofu na pioni mbili, jiulize kama unaweza kutoa kete yako ya mwisho ili kuiua pioni nzuri na kumwachia ile ya kona mbaya. Kutoa farasi kwa pioni moja kunaonekana kama wazimu mpaka umtazame mpinzani akitambua alichobaki nacho.

Na ikiwa kila upande una askofu mmoja, wa rangi tofauti, kuwa nyuma kwa pioni moja, na wakati mwingine hata mbili, si sababu ya kuogopa. Zizuie pioni zake kwenye miraba ya rangi ya askofu wako na ukae hapo.

Dalili: ngome kwa ngome, na mpinzani ana pioni moja zaidi

Usitafute pati hapa kabla ya kujaribu ulinzi wa kawaida, ambao François-André Danican Philidor aliueleza katika karne ya 18. Mfalme wako asimame mbele ya pioni. Ikiwa wewe ni Mweusi, ngome yako ikae kwenye safu ya 6 na kumzuia mfalme mweupe asipande. Mara pioni inapoingia safu ya 6, ngome yako ishuke hadi safu ya 1 na kuanza kutoa shaha kutoka nyuma, kwa sababu mfalme wake amekosa mahali pa kujificha. Kosa la kawaida ni kushuka mapema mno. Subiri pioni isogee.

Dalili: ni katikati ya mchezo, nimepoteza kete, na hakuna pati inayoonekana

Pati ni tunda la mwisho wa mchezo. Katikati huwezi kulichuma, ila unaweza kupanda mti wake. Ukiwa nyuma, badilisha pioni kwa pioni na ubakize kete kubwa. Kila pioni inayoondoka inamnyima mpinzani malkia wa baadaye, na zikiisha zote, askofu mmoja au farasi mmoja wa ziada hawezi kutoa mati. Hata farasi wawili hawawezi kukulazimisha mati ukiwa na mfalme mtupu. Vijana wetu hufanya kinyume: wakishapoteza farasi, hubadilisha malkia kwa malkia ili "kupunguza hatari", na hatari inayopungua ni ya mpinzani.

Mpe maswali magumu. Kati ya hatua mbili zinazoshindwa, moja ikimruhusu kushinda kwa njia moja tu iliyofichika, nyingine ikimruhusu kushinda kwa njia kumi rahisi, chagua ile ya kwanza hata kama kompyuta ingeziona sawa. Na usicheze haraka kwa sababu yeye hana muda: dakika zako ni zako, zitumie kufikiri.

Kuhusu saa, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Muda wa mpinzani ukiisha wakati wewe una mfalme mtupu, mchezo ni sare, kwa kuwa huwezi kutoa mati kwa namna yoyote. Ukiwa na pioni hata moja inayoweza kugeuka, kwa kawaida unashinda. Kwa hiyo katika michezo ya dakika chache ninapendelea kubaki na pioni moja, hata kama inaharibu mtego wa pati. Katika michezo mirefu, ambako mpinzani ana muda wa kutosha, ninaitoa bila majuto.

Dalili: mpinzani anauona mtego wangu kila mara

Huenda unamwonyesha mwenyewe. Mtu aliyekuwa akihangaika kwa nusu saa, kisha ghafla anatoa ngome bure kwa tabasamu, amemwambia mwenzake asile. Mtego mzuri unakuja ndani ya hatua ambayo ungeicheza hata kama pasingekuwa na mtego.

Na kuna nyakati ambapo mpinzani anajua dawa. Mwaka 1895 huko Glasgow, padri Mhispania, Fernando Saavedra, aliionyesha kwa namna isiyosahaulika. Mweupe ana mfalme c2 na pioni c7, Mweusi ana mfalme a1 na ngome d4. Pioni ikigeuka malkia, ngome inakuja c4, shaha, na malkia akiila, ni pati. Wachambuzi waliokuwa wameitazama hali hiyo waliihesabu kuwa sare. Saavedra aligeuza pioni kuwa ngome badala ya malkia: sasa ngome ya c4 ikiliwa, mfalme mweusi ana njia ya kutoka kupitia a2, kwa hiyo mtego haupo, huku ngome mpya ikitishia mati pale a8. Mweusi analazimika kujilinda kwa ngome a4, mfalme mweupe anakuja b3, akiitishia ngome hiyo na kuandaa mati pale c1 kwa pamoja, na mchezo umekwisha. Ukiona mpinzani wako anasita kabla ya kugeuza pioni, fahamu kwamba anafikiria jambo hili.

Dalili: sare yangu haikutambuliwa

Sare nyingine hazitokei zenyewe, zinadaiwa. Hali ileile ikijirudia mara 3, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule, au zikipita hatua 50 za kila upande bila pioni kusogea na bila kete kuliwa, ni wewe unayepaswa kudai kwa mwamuzi, ukiwa umeandika hatua zako. Mwamuzi anaingilia mwenyewe tu hali ikijirudia mara 5 au hatua hizo zikifika 75. Katika mchezo wa 5 wa ubingwa wa dunia wa 1978 huko Baguio, Ufilipino, kati ya Viktor Korchnoi na Anatoly Karpov, ubao ulifika hatua ya 124 ndipo mchezo ukaisha, tena kwa pati. Ukiwa na subira ya namna hiyo, karatasi ya kuandikia ni sehemu ya silaha zako.

Pati yenyewe haidaiwi, kwani inaumaliza mchezo mara inapotokea. Hata hivyo, nimewahi kuona katika mashindano madogo mpinzani akipaza sauti kwamba mwenzake "amefungwa, kwa hiyo ameshindwa", kama katika dama, na watazamaji wakamuunga mkono. Kijana yule alikuwa na haki, lakini kwa aibu akazikusanya kete kabla ya mwamuzi kufika, na hapo hapakuwa tena na ushahidi wowote. Hilo likikupata, simamisha saa, inua mkono, mwite mwamuzi, na usiguse kete yoyote, ya kwako wala ya mwenzako, mpaka afike na kuutazama ubao jinsi ulivyo.